Mtoto mwanamke na hatua zake: Kasongo na Kabambare, zamani na leo

Mwezi wa 9 mwaka 2024, siku chache baada ya masomo kufunguliwa, wageni watatu walifika kwetu Kasongo jioni. Walikuwa ndugu wa bwana yangu, na mkubwa wao alikuwa baba yake mkubwa, mzee ambaye ninamheshimu sana. Walikula bugali na sombe, wakanawa mikono, kisha mzee akasema: "Mama Mwalimu, mtoto wetu amekuwa mkubwa. Kuna watu wanamwulizia." Mtoto mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba anaosha vyombo. Alikuwa na miaka 13.

Sikujibu siku ile. Kwetu mke hajibu wakubwa palepale. Lakini lile neno "mkubwa" lilinikaa kichwani usiku mzima. Mimi ni mwalimu wa historia, na kila siku ninawauliza wanafunzi: nani amesema, amesema lini, na amepima kwa kipimo gani? Sasa swali lilikuwa limeingia nyumbani kwangu. Mtoto mwanamke anakuwa mkubwa lini? Wazee wetu walipima namna gani? Nilizaliwa Kabambare, kwa Wabangubangu, nikaolewa Kasongo, kwa hiyo nitasema ya pande zote mbili kadiri nilivyoyaona na kuyasoma.

1. Jina

Hatua ya kwanza ni jina. Kwa Waislamu wa Kasongo, siku ya saba mtoto ananyolewa nywele, anachinjiwa mbuzi wa akika kama baba ana uwezo, na jina linatajwa mbele ya watu. Kwa Wakristo ni ubatizo. Kwa wote, mama anakaa ndani mpaka arobaini, ndipo anatoka na mtoto mchana watu wamwone.

Majina yetu ni kitabu cha historia, ila tunapita juu yake bila kusoma. Mwavita alizaliwa wakati wa vita. Mwamvua alikuja na mvua. Riziki, Faida na Zawadi wanasema furaha ya wazazi. Machozi na Sikitu wanasema mengine. Ukiwapanga wanawake wa mtaa mmoja kwa majina yao, utajua miaka gani ilikuwa mibaya. Mwaka 1972, wakati wa siasa ya "authenticité" ya Mobutu, majina ya Kizungu yalikatazwa, wakina Maria na Jeanne wakaandikwa majina ya wakambo.

Binti yetu, aliyezaliwa 2011, alipewa jina la mama mzaa bwana yangu. Ndiyo maana baba yake anamwita "mama", na yule mzee aliyekuja jioni ile anamwita "shemeji" na kumtania. Jina linamkalisha mtoto katika nafasi ya mtu mzima tangu siku yake ya saba. Ni heshima, lakini nilijiuliza: je, hatusahau pengine kwamba mwenye nafasi hiyo bado ni mtoto?

Jina lina ndugu yake, ni cheti cha kuzaliwa. Sheria ya leo inampa mzazi siku 90 za kuandikisha mtoto kwa Leta. Wengi hawafiki. Mdogo wangu, aliyezaliwa 1984, hakuandikwa mahali popote. Siku walipotaka kujua umri wake, waliuhesabu kwa macho.

2. Surua na kilo

Wamama wa zamani walikuwa wanasema: usihesabu watoto wako mpaka surua ipite. Haikuwa mzaha. Jino la kwanza, kukaa, kutambaa, kusimama, yote yalishangiliwa kwa sauti ya chini, sababu surua ilikuwa bado njiani.

Hapa Kasongo yetu ina jina duniani, na vijana wengi hawajui. Kuanzia 1971, waganga wa Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerpen, Ubelgiji, walifanya kazi hapa pamoja na wenzao wa Kikongo. Walitaka kuona namna gani hospitali moja na vituo vidogo vya vijijini vinaweza kufanya kazi kama mwili mmoja. Mawazo hayo yalisaidia kuzaa "zone de santé" tunazozijua leo nchini mwote. Mwaka 1981 gazeti la udaktari la Uingereza, The Lancet, lilichapisha andiko lao juu ya sindano ya surua kwa watoto wa Kasongo wa miezi 7 mpaka 35. Waliuliza swali gumu: mtoto akiokoka na surua, je, anaishi kweli, ama ugonjwa mwingine unamchukua baadaye? Wataalamu walibishana juu ya swali hilo miaka mingi. Watoto waliohesabiwa katika andiko lile ni watu wa rika la miaka 50 sasa. Tunakutana nao sokoni.

Tangu pale, hatua za mtoto zikapata karatasi yake: fishi ya kilo. Mama anaenda kupima, wanaandika uzito, wanaandika sindano. Ya binti yangu ninayo mpaka leo ndani ya sanduku. Mdogo wangu naye anazo fishi za watoto wake, lakini ananiletea mimi nimsomee. Yeye aliishia kalasi ya pili. Baba alikuwa na uwezo wa kulipia watoto wawili tu, akawachagua kaka yetu na mimi.

3. Kinu, shamba na soko

Baada ya surua, msichana alipimwa kwa kazi. Kwanza kibuyu kidogo cha maji kichwani. Kisha kutwanga: alianza na mchi mdogo pembeni mwa mama, mpaka siku aliposhika mchi mkubwa akatwanga kwa zamu na wenzake bila kugonga mkono wa mtu. Kisha kipande chake cha shamba. Mpunga wenyewe tunaouona kama wa kwetu ulienezwa huku na Waungwana, watu wa misafara ya pwani, pamoja na lugha hii ninayoandika.

Hatua kubwa ya kazi ilikuwa soko. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871, alikuta soko kubwa kando ya Lualaba, na wenye soko walikuwa wanawake. Walitoka mbali, wengine walivuka mto kwa mitumbwi, na samaki, chumvi, mawese, vyungu na kuku. Msichana aliyefuatana na mama yake pale alijifunza kuhesabu, kubishana bei, kujua nani ni mkweli. Ilikuwa masomo kamili.

Siku ya 15 Julai 1871, watu wa misafara walipiga bunduki ndani ya soko hilo. Wamama walikimbilia mitumbwi, wengi wakazama. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kati ya 330 na 400. Ninapofundisha somo hilo, wanafunzi wanaandika tarehe na namba. Mimi ninawaomba wafikiri pia juu ya msichana aliyekuwa amekuja soko kwa mara ya kwanza.

Wakati wa Wabelgiji kazi ya watoto ilibadilika sura. Pamba ya lazima ilianza kwa Maniema kuanzia 1917. Kila nyumba ilikuwa na kipimo chake cha shamba, na aliyeshindwa alipata faini, kifungo ama fimbo. Nkambo wangu wa Kabambare alikuwa anasema yeye hakukumbuka mchi wake wa kwanza, alikumbuka kikapu chake cha kwanza cha pamba. Kazi iliyokuwa hatua ya kumkuza mtoto ikawa deni la Bulamatari.

4. Nyumba ya shangazi

Inafika siku mwili unasema wenyewe. Mambo ya ndani sitayaandika yote, ni ya wamama. Niseme tu kwamba mimi, kule Kabambare, shangazi alinichukua kwake siku kadhaa. Alinifundisha usafi, namna ya kutunza vitambaa, namna ya kukaa na kusema mbele ya watu, na kijana gani nisimzoee tena. Mama mzazi hakusema neno. Kwetu mama anazaa, lakini shangazi ndiye anafungua masikio.

Huko pwani kazi hiyo ni ya somo ama kungwi. Tusisahau kwamba Kasongo ya Tippu Tip, toka miaka ya 1870 mpaka askari wa Dhanis walipoiteka tarehe 22 Aprili 1893, ilijaa wasichana waliotekwa vijijini na kuletwa mjini. Wengine walifanywa wajakazi, wengine masuria. Hao hawakuwa na shangazi. Walikua katika nyumba za watu, wakajifunza desturi za watu, na wengi wao ni wakambo wetu. Kwa hiyo tukisema "desturi yetu ya kumkuza msichana", tukumbuke kwamba kwa wengine kamba ilikatwa, ikaungwa tena kwa nyuzi za kwetu na za pwani. Si aibu. Lakini inatufundisha kwamba desturi ina tarehe, na watu ndio waliitengeneza.

5. Masomo na sheria

Mwaka 1903 Mapadri Weupe walifungua misioni Kasongo. Mwaka 1906 Leta ya Léopold II ilipatana na Vatikani, na masomo yakawa hasa mikononi mwa misioni. Wazazi wengi Waislamu wa huku waliogopa watoto wao watabatizwa, wakawapeleka chuoni kusoma Kurani, ama wakawaacha nyumbani. Wasichana waliofika misioni walifundishwa zaidi kushona, kupika na dini. Ndiyo maana Uhuru wa 1960 ulitukuta bila msomi mwanamke. Sophie Kanza ndiye Mkongomani mwanamke wa kwanza kumaliza chuo kikuu, mwaka 1964, na mwaka 1966 akawa waziri.

Sasa nifike kwa mdogo wangu. Mwaka 1999, katikati ya vita, aliolewa. Alikuwa na miaka 15. Baba hakuwa mtu mbaya. Barabara ilikuwa na watu wenye silaha, na wazazi wengi waliona kwamba msichana mwenye bwana amefichwa vizuri zaidi. Miaka mingi nilifikiri tulivunja sheria. Nilipoisoma mwenyewe nilishangaa: Sheria ya Jamaa ya 1 Agosti 1987 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, mwanaume 18. Vitabu vya Leta vilikuwa upande wa baba. Sheria ya kulinda watoto ya 10 Januari 2009 ndiyo ilikataza kuchumbia na kuoza mtoto aliye chini ya miaka 18, na marekebisho ya 2016 yakaweka miaka 18 kwa wote wawili. Basi hata sheria ina historia yake, na mdogo wangu alizaliwa mapema mno.

Tangu 2019 masomo ya msingi ya Leta ni bure, lakini bure hiyo inaishia kalasi ya sita. Binti yangu alipomaliza kalasi ya sita 2024, palepale franka zilianza kuulizwa, na palepale wageni walifika. Sidhani ilitokea bure. Kule Salamabila, kwenye dhahabu, kalasi ya sita vilevile ndiyo mlango ambao wasichana wengi wanatokea.

Mwisho: jibu tulilotoa

Niliita shangazi yake, dada ya bwana yangu, kusudi afanye kazi yake. Alikuja kwa moto, akakaa na mtoto siku tatu mlango umefungwa. Siku ya nne tukaenda wote kwa mzee. Mimi nilinyamaza, yeye akasema: "Baba, damu inasema mwili umeanza. Haisemi kazi imekwisha. Wewe mwenyewe uliponipokelea mali, nilikuwa nimevuna mashamba mangapi?" Mzee akacheka, akahesabu, akakuta mavuno manne baada ya kutoka nyumba ya shangazi. Kisha akauliza swali la kweli: "Na franka za masomo, nani atalipa?"

Tulijibu kwamba tutalipa sisi, na mpunga wetu wa mwaka ule tuliuuza karibu wote. Mzee alikubali kungoja. Hakusema tumeshinda, alisema "tutaona". Binti yangu anaendelea na masomo, na anasaidia soko siku ya Jumamosi. Lakini watu wale waliokuwa wanamwulizia hawakungoja. Walienda nyumba nyingine ya mtaa wetu, na rafiki yake waliyekaa benchi moja hayuko tena kalasini. Binti yangu aliniuliza sababu. Nilimweleza yote niliyoandika hapa, na bado aliona jibu halitoshi. Hata mimi.

Ndugu wasomaji, ninaomba mambo mawili. La kwanza, tuandike tarehe za watoto wetu wanawake: siku ya kuzaliwa, jino, kilo, siku ya kuanza masomo. Asiye na tarehe atahesabiwa kwa macho. La pili, tukitetea desturi tuwaulize kwanza mashangazi, sababu wao ndio wanajua kipimo chenyewe kilikuwa kirefu namna gani. Wengi wao ni wazee sasa, na safari ya Kabambare ni ndefu, lakini mwenye kutaka kujua afanye haraka.