Faida Ipo, Kazi Haipo: Historia ya Kupunguza Wafanyakazi Malindi na Kilifi

Kupunguza wafanyakazi ni hatua ya mwajiri kuvunja ajira ya mtu asiye na kosa lolote, kwa maelezo kwamba kazi yake haihitajiki tena. Hatua hiyo hueleweka kwa urahisi biashara inapokula hasara. Uzito wa kimaadili huja pale hesabu za mwaka zinapoonyesha faida, wenye hisa wakagawiwa gawio, na bado barua za kusimamisha kazi zikaandikwa. Katika pwani inayoanzia Mtwapa, kupitia Vipingo, Kilifi na Watamu, hadi Malindi na mabwawa ya chumvi ya Gongoni na Marereni, jambo hili lina mizizi ya zaidi ya karne moja.

Mji wa Malindi, uliokuwa umebaki magofu mwanzoni mwa karne ya 19, ulipata uhai mpya kuanzia 1861 chini ya Sultan Majid wa Zanzibar. Katika miongo miwili tu ukawa ghala la nafaka la pwani. Mtama na ufuta vilipakiwa majahazini kwenda Arabuni, na mashamba yakapanuka kwa jasho la watumwa. Wakati huo hakuna aliyepunguzwa kazi, kwa kuwa kila faida iliyopatikana ilinunua watu zaidi wa kulima. Serikali ya Uingereza ilipofuta hadhi ya kisheria ya utumwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mabwana walilipwa fidia kwa kupotewa na watumwa wao. Waliolima mashamba hayo miaka yote hawakulipwa chochote. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hatimiliki za ardhi ya pwani. Mwenye hati au mashahidi wa kukubalika alisajiliwa kuwa mmiliki, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Watumwa walioachwa huru na Wamijikenda wengi wakajikuta maskwota kwenye udongo walioupalilia wenyewe. Kwa mizani ya sheria, mali ilikuwa na dai linalolipika, na kazi iliyoizalisha mali hiyo haikuwa na dai lolote.

Miaka michache baadaye tatizo la waajiri likawa kinyume: watu wa kuajiri hawakupatikana. Walowezi walitaka vibarua kwa mashamba yao ya pwani, lakini Wagiriama walilima mahindi ya kula na ya kuuza, wala hawakuona sababu ya kuacha makonde yao kwa ujira mdogo. Kodi ya nyumba na uandikishaji wa nguvu ndivyo vilivyotumika kuwasukuma. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliongoza upinzani mwaka 1913, na Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, kwa baruti. Adhabu waliyopewa Wagiriama inaeleza mengi kuhusu shabaha ya vita ile: faini ya rupia 100,000, pamoja na vibarua 1,000. Soko la ajira la pwani halikuchipuka lenyewe kama vitabu vya uchumi vinavyosimulia. Lilijengwa kwa mtutu wa bunduki, na hilo linafaa kukumbukwa kila inaposemwa kwamba mwajiri na mfanyakazi ni pande mbili huru zilizokutana kwa hiari.

Mkonge ndio uliofuata, hasa Vipingo na Kilifi. Bei yake ilipanda sana wakati wa vita vya Korea, kisha ikaporomoka katika miaka ya 1960 nyuzi za plastiki zilipoingia sokoni. Kambi za wafanyakazi zilijaa na kupungua kufuatana na bei iliyopangwa London.

Kukaribia kwa uhuru kulileta jaribio ambalo leo limesahaulika kuliko linavyostahili. Mwaka 1962, Tom Mboya akiwa waziri wa kazi, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia saini Mkataba wa Viwanda, ulioweka namna ya kushauriana kabla ya kugombana. Mwaka 1964 pande hizo tatu zikakubaliana jambo zito zaidi: waajiri binafsi waongeze idadi ya wafanyakazi wao kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na vyama vikubali kutodai nyongeza ya mishahara wala kugoma kwa mwaka mmoja. Makubaliano kama hayo yalirudiwa 1970 na tena 1979. Wachumi wamesema, na kwa haki, kwamba matokeo hayakudumu, kwa sababu muda ulipokwisha waajiri wengi hawakujaza nafasi zilizoachwa wazi. Hata hivyo msimamo uliokuwa nyuma ya makubaliano hayo ni wa kuheshimiwa. Ajira ilichukuliwa kuwa deni la biashara kwa jamii inayoizunguka, na wafanyakazi nao walilipia sehemu yao kwa kukubali mishahara isiyopanda.

Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilikuwa mtoto wa fikra hiyo. Kampuni ya Kenya Cashewnuts ilianzishwa katika miaka ya 1970, mashirika ya umma na chama cha ushirika cha wilaya yakiwa na hisa ndani yake. Mkulima wa Ganze alikuwa na soko la uhakika la korosho zake, na mji wa Kilifi ulikuwa na ajira za kubangua ambazo hazikutegemea watalii wala mvua. Serikali ilipoanza kuuza hisa zake na kulegeza soko katika miaka ya 1990, kiwanda kikadhoofika, na kabla ya muongo kwisha mitambo ikanyamaza. Mikorosho haikukoma kuzaa. Wachuuzi walizinunua korosho mashambani zikiwa ghafi na kuzisafirisha hadi India kubanguliwa huko, kwa hiyo faida iliendelea kupatikana kwenye zao lile lile, ila iliwapita waliokuwa wakilibangua. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa korosho ghafi, zaidi ya miaka 10 baada ya wabanguaji wa Kilifi kurudishwa nyumbani.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 sheria yenyewe iligeuka. Awali mwajiri aliyetaka kupunguza watu alihitaji kibali cha wizara ya kazi. Mwaka 1994, chini ya masharti ya marekebisho ya uchumi, kibali kikaondolewa, na ikawa inatosha kutoa taarifa. Upepo ulikuwa unavuma hivyo duniani kote. Mwaka 1970 mwanauchumi Milton Friedman alikuwa ameandika katika gazeti la New York Times kwamba wajibu wa kijamii wa biashara ni kuongeza faida yake, ili mradi ifuate kanuni za mchezo. Jack Welch akaonyesha utekelezaji wake: katika miaka ya mwanzo ya uongozi wake, kampuni ya General Electric, iliyokuwa ikipata faida, ilipunguza ajira zaidi ya 100,000. Kuanzia hapo kupunguza watu hakukusubiri tena shida, na wenye hisa wakazoea kukuona kama dalili ya usimamizi mzuri.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, ndiyo inayotawala sasa. Mwajiri anapaswa kukijulisha chama na afisa wa kazi angalau mwezi mmoja kabla, kuchagua wa kuondoka kwa kuzingatia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu, kulipa likizo iliyobaki, na kutoa malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa iliisoma sheria hiyo katika kesi ya Kenya Airways na chama cha wafanyakazi wa ndege, baada ya watu 447 kupunguzwa mwaka 2012. Majaji walisisitiza kwamba sababu lazima iwe ya kweli na kwamba mashauriano ni ya lazima. Kesi hiyo ina funzo la pande zote mbili: shirika lilikuwa limetoka kutangaza faida, na mwaka wa fedha uliofuata likapata hasara ya karibu shilingi bilioni 8. Mwajiri anaweza kuona wingu kabla mvua haijanyesha.

Hoja hiyo ya waajiri haifai kupuuzwa. Kupunguza wachache mapema kwaweza kuwaokoa waliobaki. Lakini ina nguvu pale tu hesabu zinapowekwa mezani, na hapo ndipo sheria ya Kenya ilipo dhaifu. Inauliza kwa kina jinsi mtu anavyoondolewa, na haimlazimishi mwajiri kuonyesha kwamba alijaribu kwanza kupunguza gawio, marupurupu ya wakubwa au saa za kazi. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1982, unadai sababu halali na mashauriano kuhusu njia za kuepusha kuachisha watu kazi. Uganda imeuridhia; Kenya bado.

Katika kaunti ya Kilifi, hata ulinzi mdogo wa Sheria ya Ajira huwapita wengi. Kwenye mabwawa ya chumvi, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara katika iliyokuwa wilaya ya Malindi na kutoa ripoti yake 2006, ikieleza ujira mdogo, wakazi kuondolewa kwenye ardhi, na kazi iliyofanywa na vibarua wasio na mikataba. Kibarua hapunguzwi kazi. Huambiwa tu asije kesho. Kifungu cha 37 cha sheria kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja ahesabiwe kuwa na mkataba wa mshahara wa mwezi, wenye haki ya notisi. Dawa ya waajiri imekuwa kumkatiza siku kadhaa kabla mwezi haujatimia.

Mahoteli yana njia yake. Malindi na Watamu, ambako Waitaliano walianza kumiminika katika miaka ya 1970, huishi kwa misimu: Desemba hadi Machi, kisha Julai na Agosti. Masika yakiingia, milango hufungwa na mikataba huisha. Mfanyakazi hubeba hatari ya biashara sawa na mwenye hoteli, ila gawio la msimu mzuri halimfikii. Tahadhari za usafiri walizopewa watalii mwaka 2014 zilifunga hoteli nyingi, na Aprili 2020 watu walipozuiwa kuingia na kutoka kaunti ya Kilifi kwa sababu ya korona, maelfu walibaki bila mshahara. Wengi waliofika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, au ofisi za KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa mahoteli, walikutana na kikwazo cha hesabu. Malipo ya siku 15 hukokotolewa kwa mwaka uliokamilika, na mkataba wa msimu ukiisha kwa tarehe yake, kisheria hakuna aliyepunguzwa. Mpishi aliyeitwa tena kila Julai kwa miaka mingi huweza kuonekana mbele ya sheria kama mtu aliyefanya kazi kwa miezi michache tu.