Nyuki Mmoja wa Nyahanga na Mbwa wa Richet

Jirani yangu hapa Nyahanga, mjini Kahama, alikuwa mrina asali wa miaka mingi. Nyuki walimuuma mara zisizo na idadi, naye akitamba kwamba sumu yao amekwisha kuizoea. Siku moja aliumwa na nyuki mmoja tu, shingoni. Kabla chai haijapoa alikuwa amevimba midomo, mwili umejaa vipele, anakoroma, kisha akaanguka. Tuliokuwepo tukanong'ona kuwa karogwa.

Wataalamu nao waliwahi kupigwa na bumbuazi la namna hiyo. Mwaka 1901 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri katika meli ya Albert wa Kwanza, mtawala wa Monaco, wakichunguza sumu ya viumbe vya baharini. Waliporudi nchi kavu waliwadunga mbwa sumu kidogo ya anemoni, wakitumaini kuwakinga kama chanjo ikingavyo. Mbwa mmoja, Neptune, hakudhurika. Majuma kadhaa baadaye, akiwa mzima kabisa, akadungwa tena. Alikufa katika dakika 25. Dozi ya kwanza haikumkinga. Iliutayarisha mwili wake ujidhuru wenyewe. Mwaka 1902 wakaliita jambo hilo anafilaksia, na Richet akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Tusichanganye mambo. Nyuki wa Tanganyika na Afrika Kusini waliopelekwa Brazili mwaka 1956, wakatoroka mwaka uliofuata, waliua watu huko kwa wingi wa sumu, kundi zima likimvamia mtu. Huyu wetu aliumwa na mmoja.

Na dawa? Mwaka uleule wa 1901, Mjapani Jokichi Takamine, aliyeishi Marekani, alitangaza kuipata adrenalini safi kutoka tezi za wanyama. Hupandisha presha iliyoporomoka na kufungua njia za hewa. Mtu mzima hudungwa nusu miligramu kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Asipopata nafuu hurudiwa baada ya dakika 5. Hulazwa miguu ikiinuliwa, au huketishwa akishindwa kupumua. Piritoni hutuliza muwasho tu, haifungui koo.

Zahanati tuliyomkimbizia jirani yangu, mhudumu alianza kutafuta hiyo Piritoni. Nesi mmoja mkongwe akamsukuma pembeni, akavunja kichupa cha adrenalini, akadunga. Tukalala naye pale hadi asubuhi, maana hali yaweza kurudi saa kadhaa baadaye. Mizinga yake ameiuza.