Filamu za Nkrumah na Ushahidi wa Historia

Mwanahistoria wa zamani alikuwa na nguzo mbili za kuegemea: maandishi na masimulizi. Karne ya ishirini ilimwongezea nguzo ya tatu, nayo ni filamu. Kwa sura yake filamu yaonekana kuwa shahidi asiyeweza kusema uongo. Mtu ameonekana akishuka katika ndege, akipunga mkono, akimwamkia malkia, nani atakana? Lakini shahidi huyu hana macho yake mwenyewe. Huazima macho ya aliyeshika kamera, na aliyeshika kamera naye ana bwana amlipaye. Nia ya insha hii ni kuzitazama filamu zilizopigwa za Kwame Nkrumah, Waziri Mkuu na kisha Rais wa kwanza wa Ghana, ili tupime uzito wa ushahidi wake, na tufahamu kwa nini waliompindua waliuogopa.

Yafaa tuanze na chombo chenyewe. Mwaka 1939, vita vilipozuka, serikali ya Uingereza iliunda idara ya filamu kwa ajili ya makoloni yake. Wakubwa wa idara hiyo waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zipitazo upesi. Basi filamu zake zilitengenezwa taratibu, kama asomeshwaye mtoto. Magari ya sinema yalizunguka vijijini yakifundisha usafi, kilimo na utii. Mwaka 1949 idara ya filamu ikaanzishwa katika koloni la Gold Coast, ambalo ndilo Ghana ya leo, na vijana wa nchi wakafunzwa kazi ya kamera. Hivyo chombo kilicholetwa ili mtawaliwa aongozwe kiliangukia mikononi mwa mtawaliwa mwenyewe. Mmoja wa waliojifunza kazi hiyo ni Chris Hesse, ambaye baadaye alifuatana na Nkrumah ndani na nje ya nchi akimpiga picha.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Machi 1957, katika uwanja wa Old Polo Grounds mjini Accra, Nkrumah alitangaza uhuru. Wageni walikuwa wengi. Duchess of Kent alimwakilisha Malkia wa Uingereza, Richard Nixon aliiwakilisha serikali ya Marekani, na Martin Luther King naye alikuwapo. Mpiga picha wa kigeni aliyetumwa huko alikuwa akimtafutia picha mtazamaji wa kwao, na mtazamaji huyo alitaka kumwona mtu wa kwao. Mpiga picha wa Ghana alikuwa na haja nyingine. Tukio ni lile lile, lakini katika filamu moja Mwafrika ni mandhari ya safari ya mtukufu, na katika nyingine mtukufu ni mgeni aliyealikwa nyumbani kwa Mwafrika. Asiye na kamera yake husimuliwa kwa kamera ya jirani.

Tutazame mavazi, maana katika filamu vazi husema kabla ya mdomo kufunguka. Usiku ule Nkrumah hakuvaa suti ya Kizungu wala kitambaa cha watu wa kwao kusini. Alivaa fugu, vazi la watu wa kaskazini, na kichwani kofia yenye herufi mbili za kumtambulisha kuwa mhitimu wa gerezani, kwa kuwa Waingereza walimfunga mwaka 1950 na kumfungua Februari 1951, chama chake kiliposhinda uchaguzi. Mtu wa kusini amevaa vazi la kaskazini: hapo umoja wa taifa umesemwa bila neno. Kifungo kilichokuwa aibu kimevaliwa kama taji: hapo ukoloni umejibiwa bila tusi. Siku nyingine, mbele ya mabalozi na wakuu wa dola, alijitanda kente, ili dunia ijue kwamba utukufu wa Afrika haukuletwa na meli.

Picha mashuhuri kupita zote katika siasa yake ya nje ni ile ya Novemba 1961, alipocheza dansi na Malkia Elizabeth mjini Accra. Siku chache kabla ya ziara mabomu yalilipuka mjini humo, na wabunge wengine wa Uingereza wakataka safari ivunjwe. Malkia akaja. Dansi ile ilikuwa ya dakika chache tu, lakini wakati ule, Waafrika wa Kusini wakiwa chini ya sheria za ubaguzi, na weusi wa majimbo mengi ya Marekani wakizuiwa kuketi meza moja na weupe, mkono wa mwanamume Mwafrika katika mkono wa malkia wa Kizungu ulikuwa hotuba kubwa.

Hata hivyo, filamu ya dansi haionyeshi kilichokuwa nyuma ya dansi. London ilihofu kwamba Ghana, ambayo kiongozi wake alikuwa ametoka kuzuru Moscow na Peking mwaka ule ule, ingejitenga na Jumuiya ya Madola. Nkrumah naye alihitaji fedha za bwawa la mto Volta huko Akosombo, na mwezi uliofuata Rais Kennedy aliidhinisha mkopo wa Marekani. Kamera iliona tabasamu. Hesabu zilifanywa katika vyumba ambamo kamera haikuingia. Ndivyo ilivyo pia katika mikutano ya wakuu wa Afrika. Picha ya viongozi waliosimama safu moja yatuarifu kwamba wamekutana, haituarifu kwamba wamekubaliana. Mjini Cairo, Julai 1964, Nkrumah alidai serikali moja ya Afrika, na Mwalimu Nyerere akampinga waziwazi. Atazamaye safu ya viongozi peke yake hatauona mgogoro huo.

Liko na pengo lililo zito zaidi. Sheria ya mwaka 1958 iliipa serikali ya Nkrumah uwezo wa kumweka mtu kizuizini miaka mitano bila kumfikisha mahakamani. J. B. Danquah, mwanasheria aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa harakati za uhuru, alifia katika gereza la Nsawam tarehe 4 Februari 1965. Mpiga picha wa Rais hakutumwa Nsawam. Basi atakayeisoma Ghana kwa filamu za ikulu tu ataona nchi yenye shangwe isiyo na kilio. Na kilio kilikuwapo.

Tarehe 22 Januari 1966 Nkrumah alizindua bwawa la Akosombo. Tarehe 24 Februari, akiwa safarini kwenda Hanoi, jeshi na polisi waliiangusha serikali yake. Sanamu yake ikavunjwa, na picha za sanamu iliyolala chini zikaenea duniani; watawala wapya nao walijua kazi ya picha. Kwa ushahidi wa Hesse, filamu za Rais zilizokuwa Accra zilitiwa moto. Lakini filamu nyingi zilikuwa zimesafishwa London, na negativu zake zilibaki huko. Moto uliteketeza nakala, asili ikasalimika. Filamu ya Ben Proudfoot, The Eyes of Ghana, iliyoonyeshwa Toronto Septemba 2025, imekisimulia kisa hicho na kumpa mzee Hesse nafasi ya kusema.

Hapa pana fumbo la kutafakari. Nkrumah alihubiri kwamba uhuru wa bendera bila uhuru wa uchumi ni nusu ya uhuru. Lakini ni utegemezi ule alioupinga uliookoa kumbukumbu zake. Wahenga walisema cha kuazima hakistiri maungo. Ghala la ugenini limestiri, lakini mwenye mali sharti abishe hodi ili aone sura ya baba yake. Wala moto si adui wa pekee. Mwaka 1996 sehemu kubwa ya shirika la filamu la Ghana iliuzwa kwa kampuni ya Malaysia. Kumbukumbu ya taifa yaweza kupotea kwa mnada kama kwa kiberiti.

Wachomaji walidhani filamu ile ni mali ya Nkrumah, kumbe nyuma ya Rais walisimama wananchi: mama aliyembeba mwana mgongoni, mpiga ngoma, mtoto aliyeparamia mti apate kuona. Hao hawakuandika vitabu, na wengi wao hawana ushahidi mwingine wa kwamba walikuwapo. Mwanafunzi wa historia na aiulize kila filamu ya rais: nani aliyeshika kamera, nani hakuonyeshwa, na nani amesimama nyuma bila kutajwa? Akiuliza hivyo, filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya kusifu itamfaa hata katika kuhukumu. Lakini ili aulize, sharti filamu iwepo. Sifa za uongo zaweza kusahihishwa, jivu halisahihishwi.