Nani anaweza kumufukuza Waziri Mukuu?

Wanachama wenzetu, tangu Raisi Tshisekedi alipozungumzia katiba mpya kule Kisangani, mwezi wa kumi 2024, huku Kibati tunasikia kifungu kimoja tu: cha 220, kinacholinda hesabu ya mihula. Ni sawa. Lakini kuna cha 78, ambacho hakuna mutu anakitaja, na inchi ilikilipia bei kubwa.

Turudi 1960. Sheria ya Msingi, iliyopitishwa na bunge la Ubelgiji, ilitupa utawala wa kibunge: Kasa-Vubu Raisi, Lumumba Waziri Mukuu mwenye kuongoza serikali. Kifungu cha 22 kilisema Raisi anateua na kuondoa Waziri Mukuu. Katika katiba ya Ubelgiji mufalme naye aliandikiwa hivyo, ila desturi ilimuzuia kumufukuza waziri anayeungwa mukono na bunge. Maneno yalisafiri, desturi ikabaki kwao. Tarehe 5 mwezi wa tisa, Kasa-Vubu akamufukuza Lumumba kwenye radio. Usiku ule ule Lumumba naye akatangaza kumuondoa Raisi. Bunge likafuta maamuzi yote mawili. Nani alisikiliza? Tarehe 14, Mobutu akawaweka wote kando.

Katiba ya Luluabourg, 1964, ingefunga mulango ule, kumbe iliupanua. Tarehe 13 mwezi wa kumi 1965, Kasa-Vubu akamuondoa Tshombe, ambaye muungano wake ulikuwa umeshinda uchaguzi. Akamuteua Kimba, bunge likamukataa. Wakiwa bado wanavutana, tarehe 24 mwezi wa kumi na moja Mobutu akachukua kiti, na akakikalia mpaka 1997.

Ndiyo maana kifungu cha 78 cha katiba ya 2006 kinasema Raisi anateua Waziri Mukuu kutoka kwa wenye wingi bungeni, na anamaliza kazi yake pale tu mwenyewe amemuletea barua ya kujiuzulu kwa serikali. Mwaka 2021 kilifanya kazi. Ilunkamba alikuwa wa kambi ya Kabila. Tshisekedi ilimubidi kwanza atafute wingi. Tarehe 27 mwezi wa kwanza madepite wakapiga kura ya kutokuwa na imani na serikali, siku mbili nyuma Ilunkamba akajiuzulu. Namna wingi ule ulivyokusanywa haikutupendeza sisi wote, lakini hakuna askari aliyefunga bunge.

Sasa, kifungu hiki cha 78 hakimo kati ya mambo ambayo 220 inakataza kugusa. Madepite na maseneta wakikaa pamoja, tatu ya tano yao inatosha kukibadilisha, bila sisi kuitwa kwenye kura.