Ski na gofu mjini Durban: mwongozo wa burudani na wa vyombo vilivyotumika

Kwa wengi wetu tuliozaliwa Afrika Mashariki, neno ski huleta fikra za theluji, milima ya Ulaya na watu waliovaa makoti mazito. Katika mtaa wa Point, kwenye ncha ya kusini ya ufukwe wa Durban nchini Afrika Kusini, neno hilo lina maana nyingine. Hapo ski ni chombo cha baharini, chembamba na kirefu, kinachopigwa kasia na mtu mmoja aliyekaa juu yake. Wavuvi wa mji huo nao huita ski-boti mashua zao za injini zinazozinduliwa moja kwa moja kutoka mchangani na kukata mawimbi.

Makala haya yanaeleza michezo miwili ya kujiburudisha ambayo Durban inajulikana kwayo, yaani ski ya baharini na gofu, pamoja na ski ya theluji kwa wasomaji wanaoishi katika nchi za baridi. Aidha, yanaeleza namna ya kuchagua vifaa vilivyokwisha kutumika, kwa kuwa bei ya vifaa vipya ndiyo huwazuia wengi mlangoni.

Point ni mahali gani?

Point ni rasi ya mchanga inayotenganisha Bahari ya Hindi na bandari ya Durban. Upande wake wa kusini upo mlango wa bandari, na ng'ambo ya mlango huo kuna kilima cha Bluff. Bustani ya viumbe wa baharini ya uShaka Marine World ilifunguliwa hapo mwaka 2004, na mwaka 2008 barabara kuu ya mtaa huo, Point Road, ilipewa jina la Mahatma Gandhi.

Katika miaka ya 1860 ulianza ujenzi wa ukuta wa kukinga bandari uliobuniwa na mhandisi wa Kiskoti, Kapteni James Vetch. Kazi hiyo iliachwa kabla ya kukamilika. Mabaki ya ukuta huo, yanayoitwa Vetch's Pier, yamegeuka mwamba wa samaki, na nyuma yake maji hutulia kuliko kwingineko ufukweni. Kwa sababu hiyo wavuvi, wapiga mbizi, wenye matanga na wapiga kasia wamekuwa wakizindulia vyombo vyao hapo kwa vizazi kadhaa.

Kwa msemaji wa Kiswahili, mahali hapa si pageni kabisa. Kuanzia mwaka 1873, watu waliokombolewa na manowari za Uingereza kutoka katika majahazi ya watumwa waliletwa Durban kutoka Zanzibar. Wengi wao walikuwa Wamakua. Wazao wao, wanaojulikana hadi leo kama Wazanzibari wa Durban, waliishi Kings Rest, upande wa Bluff, mpaka serikali ya ubaguzi wa rangi ilipowahamishia Chatsworth katika miaka ya 1960. Siku hizi Kiswahili husikika tena karibu na ufukwe, midomoni mwa Watanzania na Wakongo. Baadhi ya Wakongo hao hujipatia riziki kwa kulinda magari ya wale wanaokuja kuogelea na kupiga kasia.

Bahari ilikuwa ya nani?

Mtu hawezi kueleza michezo ya Durban bila kutaja sheria. Chini ya ubaguzi wa rangi fukwe ziligawanywa. Zile za katikati ya mji, zenye waokoaji na maji yaliyozungushiwa nyavu za kuzuia papa tangu mwaka 1952, zilikuwa za Wazungu. Wahindi na Waafrika walitengewa sehemu nyingine upande wa kaskazini. Mwezi Novemba 1989 Rais F. W. de Klerk alitangaza kuwa fukwe zote ziwe wazi kwa watu wote, na mwaka 1990 sheria ya kutenganisha huduma za umma ikafutwa.

Matokeo yake hayakufutika pamoja na sheria. Mtoto ambaye wazazi wake walikatazwa kuingia majini mara nyingi hakufundishwa kuogelea, na asiyejua kuogelea hapigi kasia. Hii ndiyo sababu mojawapo kwamba mchezo wa ski ya baharini, ingawa hauna tena kizuizi cha kisheria, umechukua muda mrefu kuenea kwa wakaazi wote wa mji.

Ski ya baharini

Chombo hiki kilianzia Australia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kikitumiwa na waokoaji wa fukweni. Afrika Kusini ilikipokea na kukifanya cha mashindano ya masafa marefu. Mpiga kasia mashuhuri wa Durban, Oscar Chalupsky, alishinda mara 12 mbio za kuvuka mlangobahari kati ya visiwa vya Molokai na Oahu huko Hawaii, mara ya kwanza mwaka 1983 na ya mwisho mwaka 2012.

Mwenye kuijua ngalawa ataelewa upesi. Ngalawa husimama imara kwa sababu ya mbao zake mbili za ubavuni. Ski haina mbao hizo. Utulivu wake hutokana na upana wa chombo na mizani ya mwili wa mpigaji. Mpigaji huketi katika kishimo kilichochongwa juu ya chombo, miguu yake ikikanyaga vibao viwili vinavyovuta nyaya za usukani. Maji yakiingia katika kishimo hicho, hutoka yenyewe kupitia tundu la chini wakati chombo kinakwenda.

Upepo ndio injini ya pili. Durban huvumiwa zaidi na upepo wa kaskazini-mashariki na ule wa kusini-magharibi, na yote miwili huvuma sambamba na pwani. Stadi huupa mgongo na kuteremka na mawimbi kwa mwendo ambao mikono pekee isingeufikia. Hata hivyo upepo wa kusini-magharibi huweza kuingia kwa ghafla, na bahari iliyokuwa shwari ikachafuka kwa muda mfupi.

Kuchagua ski ya baharini iliyotumika

Kosa la kawaida la mnunuzi mpya ni kununua ski ya mashindano kwa sababu inauzwa kwa bei ya chini. Mara nyingi huuzwa rahisi kwa kuwa haikaliki. Mambo ya kuzingatia ni haya:

Upana. Ski ya mashindano ina upana wa takriban sentimita 43 hadi 45 na urefu wa zaidi ya mita 6. Anayeanza atafute yenye upana wa sentimita 54 au zaidi, hata ikiwa fupi na nzito. Anayekaa imara husonga mbele. Anayepinduka kila mara huchoka, na uchovu baharini ni hatari.

Kiti na miguu. Keti ndani kabla ya kulipa. Nyonga zisibanwe wala zisicheze, na vibao vya miguu virekebishike hadi magoti yakunjike kidogo. Chombo kisichokutosha hakirekebishiki kwa mazoezi.

Mwili wa chombo. Ski za plastiki ni nzito, mara nyingi zaidi ya kilo 20, lakini huvumilia kugonga mchanga na mawe. Za faibaglasi ni nyepesi kiasi, na za kaboni ni nyepesi zaidi na ghali zaidi. Bonyeza sitaha kwa kidole gumba kuanzia omo hadi tezi. Panapobonyea kwa ulaini pana tabaka lililoachana. Chunguza mshono wa ubavuni na pembe za kiti, kwani nyufa huanzia hapo. Kiraka si kasoro ikiwa kimelainishwa vizuri. Kiraka kilicho katikati ya chombo, mahali kinapovunjikia, chahitaji maelezo.

Maji ya ndani. Omba kuijaribu majini kwa nusu saa, kisha fungua kizibo na uinamishe. Matone machache si neno. Yakitoka maji ya kujaza kikombe, pana ufa usioonekana. Kwa njia hiyo hiyo, ski iliyo nzito kuliko uzani uliotajwa na kiwanda huenda imenyonya maji.

Usukani. Vuta nyaya. Zilizoota kutu hubadilishwa kwa gharama ndogo, lakini zisikatikie baharini.

Uhalali. Uliza risiti na linganisha namba iliyo kwenye chombo. Ski huibwa kama baiskeli zinavyoibwa.

Fedha iliyookolewa kwa kununua chombo kilichotumika itumike kununua vitu viwili vipya: jaketi la kuelea na kamba ya kujifunga mguuni. Upepo ukiisukuma ski tupu, hakuna mwogeleaji atakayeifikia. Asiyejua kuogelea ajifunze kwanza, na anayeanza asiingie peke yake, wala asiingie upepo unapovuma kutoka nchi kavu kwenda baharini.

Gofu: mchezo wenye deni

Kutoka Point, ukifuata ufukwe kuelekea kaskazini, unafika Durban Country Club, uwanja wa gofu uliofunguliwa mwaka 1922 juu ya matuta ya mchanga. Mwaka 1963 Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana kwa jina la Papwa, alishinda hapo mashindano ya wazi ya Natal. Papwa alikuwa Mhindi wa Durban aliyeanza kwa kuwabebea wengine mikoba ya fimbo. Kwa kuwa sheria haikumruhusu kuingia katika jengo la klabu pamoja na Wazungu, alikabidhiwa kombe lake nje, mvua ikinyesha. Picha ya tukio hilo ilizunguka dunia.

Papwa alikuwa ameshinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mwaka 1959 na 1960, na alishinda tena mwaka 1964. Mwaka 1965 alimshinda Gary Player katika mashindano ya Natal. Baada ya hapo serikali ilimzuia kucheza mashindano makubwa nchini na ikamnyima pasi ya kusafiria. Alifariki dunia mwaka 1978. Leo uwanja mmoja wa gofu wa Durban unaitwa kwa jina lake.

Papwa alishika fimbo kinyume na mafundisho yote, mkono wa kushoto ukiwa chini ya wa kulia. Kwa mcheza gofu wa kawaida hilo ni fundisho: chombo na mkao hupimwa kwa mpira unakokwenda, si kwa macho ya watazamaji.

Anayetafuta fimbo zilizotumika ajue kwamba kanuni huruhusu zisizozidi 14, lakini sita au saba zinamtosha anayeanza. Atazame kama mpini umenyooka na hauna kutu, kama kichwa hakichezi, na kama mifereji ya uso wa fimbo bado inaonekana. Raba ya kushikia iliyochakaa si sababu ya kukataa, kwani hubadilishwa. Urefu na ugumu wa mpini, kinyume chake, lazima vilingane na mwili wake tangu mwanzo.

Na theluji je?

Kutoka Durban theluji si mbali kama inavyodhaniwa. Huko Lesotho, juu ya mita 3,000, kuna kituo cha Afriski ambako watu huteleza kati ya Juni na Agosti na vifaa hukodishwa.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, jina la kukumbukwa ni Philip Boit wa Kenya. Mkimbiaji huyo alijifunza ski nchini Finland na akashiriki Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 katika mbio za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Boit alirudi Olimpiki mwaka 2002 na 2006. Mwaka 2018 Sabrina Simader aliiwakilisha Kenya katika ski za kuteremka milima.

Msomaji aliye Oslo, Munich au Toronto anayetaka ski zilizotumika atofautishe aina hizo mbili. Ski za Boit, za kutembelea tambarare, ni nyembamba na huacha kisigino huru. Za kuteremkia ni pana na hufunga mguu wote. Kwa hizi za pili, anayeanza achague zenye urefu wa kufika kati ya kidevu na pua yake. Apitishe kidole kwenye kingo za chuma: zisiwe zimepasuka wala kuchomoka. Mikwaruzo ya chini huzibika, lakini shimo linaloonyesha mbao za ndani ni sababu ya kuziacha.

Sehemu ya kuogopa zaidi ni kifungio cha kiatu. Kikishika mno, mguu huvunjika kabla hakijaachia. Kikilegea, kinaachia pasipostahili. Fundi wa duka akipime kulingana na uzito, kimo, umri, ujuzi na kiatu cha mnunuzi. Kifungio cha zamani ambacho fundi anakataa kukirekebisha kisitumike, hata kikiwa cha bure. Kuhusu viatu, afadhali kununua vipya au kukodi, kwa sababu kiatu cha zamani kimeshika umbo la mguu wa mwingine.

Kwa ufupi

Katika bahari, kwenye majani au kwenye theluji, kanuni ni ile ile. Kwanza pima mwili na ujuzi wako, ndipo uangalie chombo, na bei iwe ya mwisho. Ski pana na nzito itakayokurudisha nchi kavu ina thamani kuliko ile nyembamba ya bingwa. Nyuma ya mwamba wa Vetch's, maji yaliyokuwa yamekatazwa kwa wengi sasa hayana kibao cha rangi. Kinachohitajika ni mtu ajifunze kuogelea, apate chombo kinachomfaa, na aingie akiwa na mwenzake.