Ukumbusho: Picha na Kiswahili mjini Lubumbashi



Mwanaisimu anayezungumzia uchoraji hana budi kuomba radhi. Hata hivyo, ni neno la Kiswahili lililonivuta huko. Katika miaka ya 1970, wachoraji wa Lubumbashi waliwauzia watu wa kawaida picha za kutundika sebuleni. Katika Kiswahili cha Shaba, thamani ya picha hizo ilielezwa kwa neno moja: ukumbusho.

Tulichambue. Kukumbuka ni tendo la nafsi moja. Kukumbusha, kwa kuwa ni kauli ya kutendesha, kunamhitaji mtu wa pili. Ukumbusho, basi, si ghala la mambo yaliyopita, bali ni kitu kinachomtaka mtazamaji aanze kusema.

Picha iliyopendwa sana iliitwa Colonie belge. Mfungwa amelazwa chini akichapwa kiboko, Mzungu anatazama. Anayechapa ni askari Mwafrika. Hapo ndipo penye uchungu. Kwa maoni yangu, aliyeitundika hakuwashitaki wakoloni tu; aliliweka mbele ya wanawe swali la mkono ule ulikuwa wa nani.

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alifika mbali zaidi. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya nchi yake, akimweleza picha hizo kwa Kiswahili. Katika picha ya kifo cha Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Mpolo na Okito, nyuma inaonekana misalaba mitatu. Misalaba hiyo haikuwapo mahali pale. Je, huu ni usurialisti? André Breton, aliyeutangaza mjini Paris mwaka 1924, alizitafuta taswira zake katika ndoto. Tshibumba alichukua alama ambayo jirani yeyote Mkristo aliitambua mara moja.

Alikuwa na sababu. Mji wake ulikuwa makao makuu ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960. Humo Lumumba alikuwa adui kwa hawa na shujaa kwa wale. Mobutu, aliyeshiriki kumwangusha, ndiye aliyemtangaza shujaa wa taifa mwaka 1966. Palipokuwa na hatari kutamka hukumu, msalaba uliitamka.

Kiswahili kilichobeba fikra hizo ndicho ambacho baadhi yetu tulizoea kukiita kibovu. Wasemaji wake walilitumia neno ukumbusho kwa maana yake kamili. Sisi wenye kamusi tulikuwa hatujaisikia.