Jeli ya pampers ilianzia kwa mahindi

Chukua pampers mpya uichane. Ndani kuna vitu viwili: manyoya laini ya mbao, yaani selulosi, na chembe ndogo kama chumvi. Mwagia maji uone vile zinafura. Nilifanya hivyo nikiwa mwaka wa pili, kabla niache chuo, na hakuna mtu darasani alijua hiyo kitu ilitoka wapi.

Selulosi ya mti na wanga wa mahindi ni ndugu, zote ni minyororo ya glukosi. Shida ni moja: selulosi inanyonya maji, lakini ukiifinya inayarudisha. Uliza mama yeyote aliyelea na nepi za kitambaa. Mwaka wa 1958 Mino na Kaizerman wakaonyesha kwamba chumvi ya seriamu inaweza kufungua nafasi kwenye mnyororo kama huo, na hapo polima ya kutengenezwa inaanza kuota. Ni kama kupandikiza embe: shina la kienyeji, tawi la kuletwa.

Sasa enda Peoria, Illinois. Maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ile ile iliyosaidia kuzalisha penisilini kwa wingi wakati wa vita, ilikuwa inatafutia mahindi ya ziada kazi. Miaka ya 70 wanakemia wake wakapandikiza poliakrilonitraili kwenye wanga, wakaipika na kostiki soda. Ikatoka kitu inayoshika maji mamia ya mara uzito wake, na ukiifinya haiachilii. Wakaiita Super Slurper.

Na unajua walikuwa wanaiwazia nini? Mbegu na udongo. Shamba likae na maji! Mimi shosho yangu analima Kitui, kwa hivyo hapo niliumia kidogo.

Lakini pesa ilikuwa kwingine. Mwaka wa 1978 Japani wakaweka kitu ya aina hiyo kwa pedi, halafu ikaingia pampers. Baadaye viwanda vikaona poliakrileti tupu, ya mafuta ya petroli, ni rahisi zaidi, wanga ukatupwa nje. Kumbe ile ya kwanza pia ilikuwa na plastiki, sikatai, lakini shina lake lilikuwa chakula cha bakteria.

Kenya tuliondoa VAT kwa pedi 2004, na tulifanya poa. Ila mjadala uliishia kwa bei. Tuko na mkonge, na makapi ya miwa tunachoma kwa boila, yote selulosi. Huku kwa ploti yetu, pampers za mtoto wa sista yangu zimejaa shimo la pili mwaka huu.